Paa Lililokunywa Maji

Zilpah Moraa alikuwa mtu wa kuaminika, na hilo ndilo lililomponza.

Katika makao ya wazee alikofanya kazi, mashariki ya Birmingham, msimamizi alihesabu dawa kila jioni isipokuwa siku ambazo Zilpah ndiye aliyezigawa. Kanisani ndiye aliyeachiwa funguo. Tangu atoke Nyamira miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa hajachelewa shifti hata kwa dakika tano, na jambo hilo alijivunia kimyakimya, jinsi wengine wanavyojivunia watoto.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Aida, Mzanzibari aliyekutana naye hapo hapo makaoni. Siku ya kwanza Aida alimwita shoga yangu, Zilpah akashtuka, maana kwao Kenya neno hilo lina habari nyingine kabisa. Wiki ya pili alicheka. Mwaka wa pili alikuwa hageuki akiitwa vinginevyo. Aida alikaa Newtown, ghorofa ya nne, pamoja na mumewe Mwadini, fundi wa breki za treni katika karakana moja ya Tyseley. Zilpah alikaa peke yake Hodge Hill, katika nyumba yenye kiwanja kidogo cha saruji mbele, na kiwanja hicho ndicho kilichofanya karavani yao ilale kwake.

Waliinunua pamoja, miaka sita ilikuwa imepita sasa, kwa Mwingereza mmoja mzee aliyechoka kusafiri. Ilikuwa karavani ya kukunja. Ikifungwa huoni kitu ila sanduku pana juu ya magurudumu mawili, kimo chake hakizidi kifua cha mtu. Ukizungusha mpini uliokuwa mbele, waya wa chuma ulijivuta ndani, nguzo nne zikarefuka, na paa zima likapanda juu kama kifuniko cha sufuria. Kisha unavuta vitanda nje pande mbili, unafunga turubai, una nyumba. Kila mwaka walikwenda nayo Barmouth, Wales, kwenye bahari baridi ambayo Aida aliitukana na kuipenda kwa pumzi moja.

Kazi waligawana. Mwadini aliangalia magurudumu, breki na taa. Zilpah aliitunza isilowe wakati wa baridi: kuifunika vizuri, kuifungua mara moja kwa mwezi ipate hewa, kupaka gundi ya kuzuia maji pale paa lilipoungwa. Ilikuwa kazi ndogo. Aida alikuwa akiwaambia watu, "Karavani iko kwa Zilpah, mimi sina wasiwasi nayo."

Mwezi wa kumi mwaka juzi upepo mkali ulipita, ukalichana turubai la kufunikia na kulipeleka kwenye ua wa jirani. Zilpah alikuwa na shifti mbili mbili wiki hiyo, kwa kuwa nusu ya wafanyakazi waliugua. Alisema ataifunika Jumapili. Jumapili alilala kama gogo. Ikapita wiki, ikapita nyingine, na mvua ya Birmingham hainyeshi kwa kishindo. Inachuruzika tu, siku nzima, kama bomba lisilofungwa sawasawa. Alipokuja kuinua paa ilikuwa wiki ya tano. Kwenye dari, karibu na kidirisha cha hewa, palikuwa na doa la rangi ya chai, pana kama sinia. Alilibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

Alisimama pale kidole chake kikiwa ndani ya dari, na wazo la kwanza lililomjia halikuwa la mbao. Lilikuwa la Aida, na yale maneno yake ya kutokuwa na wasiwasi.

Angeweza kupiga simu dakika ile. Badala yake alibandika utepe mpana juu ya dari, akaupaka rangi nyeupe, akanunua turubai jipya. Alijiambia atatafuta fundi kimyakimya, atengeneze, na habari iishe kabla haijaanza. Krismasi ikafika, ikapita. Kila mara Aida alipouliza karavani haijambo, Zilpah alijibu haijambo, na kila jibu lilifanya linalofuata kuwa gumu zaidi kulibadilisha.

Mwezi wa tatu alimwita jirani yake, Mzee Surjit. Huyu alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, mtoto wa seremala wa reli, akaja Uingereza akiwa kijana na kufanya useremala maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani cha karakana za Kisumu, na alikitumia kwa Zilpah tu, kama mtu anayevaa koti analolipenda. Alikuja na kijiko cha chuma. Akamwonyesha namna ya kugonga dari na kusikiliza: mbao nzima inajibu, mbao iliyooza inanyamaza. Zilpah aligonga mchana mzima, akachora mstari kwa penseli, na alipomaliza ramani ya uozo ilikuwa imekula theluthi ya paa na ukingo wote wa kushoto karibu na mlango.

Mzee Surjit alitazama, akafuta mikono.

"Mama, hii paa imekunywa maji," alisema. "Sasa iko nzito mara mbili, na hiyo waya ni ile ile. Usipandishe tena bila kuweka miguu ya mbao chini yake. Ikishuka juu ya mtu, hiyo mtu imekwisha."

Zilpah alimwahidi. Wakakubaliana waanze kazi mwezi wa sita, jua likipata nguvu.

Lakini mwezi wa tano mama yake Aida, Bi Shemsa, alipata viza aliyokuwa amenyimwa mara mbili, akatua Birmingham na masanduku yake na khanga zake, na Aida akaingiwa na furaha isiyosikia la mtu. Mama lazima aione Barmouth. Tena Jumamosi hii hii. Alhamisi asubuhi, Zilpah akiwa ndiyo kwanza anaosha vyombo vya chai, kengele ililia, na mlangoni akasimama Aida na ndoo, vitambaa na sabuni ya limau.

Zilpah alijaribu. Alisema leo hajisikii vizuri. Aida akamwambia akae tu, yeye atafanya. Alisema pengine mvua itanyesha. Aida akatazama mbingu, ilikuwa nyeupe na kavu. Neno moja lilikuwa limemkaa Zilpah kooni, na ilikuwa rahisi zaidi kushika mpini kuliko kulitema. Alifikiri atapandisha paa kidogo tu, Aida afute fute, washushe, na usiku ule ule atampigia simu amweleze kila kitu. Alifikiri limeshapanda mara ngapi tangu Oktoba, na halijaanguka.

Akaanza kuzungusha. Mpini ulikuwa mzito hata akahitaji mikono yote miwili. Paa likapanda shibiri, likapanda mkono, na ndani ya sanduku la winchi, mlimovingirishwa waya, ukasikika mlio mwembamba, kama uzi unaovutwa kwenye jino. Aida hakusubiri lifike juu. Alifungua kimlango cha chini, akainama, akaingia na kitambaa chake, na Zilpah akamsikia akiliinua kabati la jiko, ambalo nalo lilikuwa la kukunja, ili afagie chini yake.

"Aida, toka kwanza," alisema Zilpah.

"Nini?"

"Toka tu, nimalize kuinua."

"We zungusha, mimi sikuzuii," Aida alijibu, akainamia nje ya ukuta wa karavani kukung'uta kitambaa.

Hapo ndipo Zilpah angepaswa kutamka. Ilikuwa sentensi moja, ya maneno matatu. Akaivuta pumzi ya kuisema, na waya ukakatika.

Haukutoa sauti kubwa. Ulipiga kofi moja, mpini ukarudi nyuma na kumchapa Zilpah kwenye mkono, na paa likashuka lote kwa pamoja. Kisha maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye maungio, maji meusi ya miezi saba.

Alizunguka mbio. Aida alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukingo wa ukuta, kichwa na mkono mmoja nje, paa likiwa limemkalia mgongoni. Halikuwa limefika chini. Kabati la jiko alilolisimamisha nusu dakika kabla lilikuwa limelipokea paa kwa ndani, likalizuia hapo, upana wa kiganja na nusu juu ya ukuta, na ndani ya upana huo ndimo kilimokuwa kifua cha Aida. Macho yake yalikuwa wazi. Damu ilimtoka kwenye nyusi. Alijaribu kusema, ikatoka hewa kidogo tu.

Zilpah aliingiza mikono chini ya paa, akavuta. Lilikuwa kama kuvuta nyumba. Alipiga simu ya dharura, akaeleza, na sauti ya upande wa pili ikamwambia wanakuja, asimsogeze. Alipokuwa bado anaitoa anwani, kabati ndani likalia. Lilikuwa la mbao nyembamba za kubandikwa, halikutengenezwa kubeba kitu kizito kuliko birika. Likalia tena, na paa likashuka unene wa kidole. Aida akafumba macho.

"Mzee Surjit!" Zilpah aliita, na sauti yake ikafika mwisho wa barabara.

Mzee alikuja na viatu vya nyumbani. Alitazama mara moja, akarudi gereji kwake, akatoka na jeki ya lori mkono mmoja na kipande cha boriti mkono mwingine. Aliweka jeki juu ya saruji, akasimamisha boriti juu yake mpaka chini ya ukingo wa paa uliochomoza, karibu kabisa na bega la Aida, akaanza kupiga jeki. Boriti ikapanda, ikagusa, ikaendelea kupanda, lakini paa halikupanda nayo. Ilikuwa inazama ndani ya ukingo kama mwiko kwenye ugali. Vipande vyeusi vya mbao vikamwangukia Aida kwenye nywele.

Zilpah aliuona ule mstari wa penseli kichwani mwake, wote, tangu kidirishani hadi mlangoni, kila mahali kijiko kilipojibu na kila mahali kiliponyamaza. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua ramani hiyo. Na uso wa Aida ulikuwa hatua moja kutoka kwake.

"Si hapo," alisema. "Hapo pameoza. Huu upande wote umeoza, naujua. Leta huku, baada ya hii pembe. Hapa kuna mbao nzima."

Mzee alishusha jeki, wakahama. Zilpah alipiga magoti, akashika boriti kwa mikono yote miwili isiteleze, shavu lake likiwa kwenye bati lenye maji. Kabati ndani likapasuka tena. Jeki ikapanda. Boriti ikagusa, ikakaza, na safari hii paa ndilo lililosogea, kidogo sana, kiasi cha Aida kuvuta pumzi moja iliyosikika. Mzee akapiga jeki tena. Aida akavuta pumzi ya pili. Walikaa hivyo, mzee na jeki, Zilpah na boriti, na Aida akihema juu ya vichwa vyao, mpaka gari la zimamoto lilipoingia barabarani na vijana wanne wakaja na vifaa vyao wakalichukua lile paa mikononi mwao.

Mfupa wa bega ulivunjika, na mbavu mbili. Madaktari walisema ni bahati, wakasema mara nyingi.

Kesho yake Zilpah alikwenda wodini. Mwadini alisimama akampa kiti chake. Bi Shemsa, mwanamke mwenye umbo dogo na mikono ya hina, alimshika mkono wake uliovimba, akaubusu, akamwombea dua ndefu: Mungu amlipe, Mungu ampe umri, yeye aliyemwokolea mwanawe. Mwadini alisema waya za chuma ndivyo zilivyo, hazitoi habari, na kwamba kosa ni lake kwa kuwa hakuukagua. Aida alikuwa ameegemea mito, mkono umefungwa kifuani, anamtazama Zilpah.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kuitikia amina na kwenda nyumbani, na Mzee Surjit hakuwa mtu wa kupeleka maneno. Zilpah alihisi mkono wa yule mama juu ya mkono wake, mwepesi na mkavu, na akaona kwamba hawezi kuubeba.

"Waya haukuwa na kosa," alisema. "Paa lilioza. Niliacha turubai likapeperuka, sikuifunika wiki tano. Nimejua tangu Novemba."

Bi Shemsa hakuondoa mkono mara moja. Aliuondoa polepole, akautia ndani ya khanga. Mwadini aligeukia dirisha.

"Na jana nilipoingia," alisema Aida, kwa sauti ndogo kwa sababu ya mbavu, "ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikusikia. Ulivyomwambia yule mzee, hapo pameoza. Nimelala usiku kucha nangoja nione kama utasema mwenyewe." Akafumba macho. "Umesema. Sasa nenda nyumbani, Zilpah."

Hakumwita shoga.

Zilpah alirudi kazini Jumatatu. Alimwambia msimamizi ahesabu dawa na siku zake yeye pia, na msimamizi akamtazama kama mtu aliyeugua. Ujumbe aliomwandikia Aida ulisomwa, haukujibiwa. Wiki ya tatu aliacha kuandika. Akavaa ovaroli kuukuu, akagonga kwa Mzee Surjit.

Walilitoa paa lote likalala kwenye saruji juu ya matofali. Wakalibandua bati lake kama unavyobandua ngozi ya ng'ombe, na harufu iliyotoka ilimfanya Zilpah aende kutapika nyuma ya nyumba. Ndani mbao zilikuwa zimegeuka tope. Alizichota kwa mwiko wa bustani, ndoo kwa ndoo. Zilizobaki nzima zilikaushwa wiki mbili. Mzee alikata fremu mpya ya msonobari, akamfundisha kuunga pembe, akamkemea alipoharakisha. "Wewe nataka kumaliza," alimwambia mara moja. "Usitake kumaliza. Taka kufanya." Kila baada ya shifti, miezi miwili, Zilpah alipiga magoti kwenye kile kiwanja, akaweka plaiwudi, akapaka gundi, akafunga skrubu na kuifunika kila moja kwa ulimbo wa kuzuia maji. Mikono yake ilichubuka. Wazee makaoni walimuuliza amepigana na nani. Waya mpya walifunga wawili pamoja, mnene kuliko wa kwanza.

Mwisho wa Julai alimwandikia Mwadini, si Aida, kwamba imekwisha na kwamba aje aikague yeye kama fundi. Walikuja wote watatu. Mwadini alilala chini ya winchi nusu saa. Bi Shemsa alikaa kwenye kiti cha jikoni alicholetewa nje. Aida, ambaye mkono wake ulikuwa umetoka kwenye kitambaa lakini bado hapandishi bega, alizunguka karavani bila kugusa, kisha akaomba kijiko.

Aligonga paa zima, kutoka nje, hatua kwa hatua, akiinamisha kichwa kusikiliza. Mzee Surjit alimwangalia kwa heshima. Zilpah alisimama kando, akihesabu mapigo ya kijiko. Aida alipomaliza alimrudishia mzee kijiko chake.

"Linaitika lote," alisema.

Akamwambia Mwadini alipandishe. Lilipanda bila mlio. Lakini hakuna aliyeingia ndani mpaka Mwadini alipoweka miguu minne ya mbao, na hata hapo aliyeingia kwanza alikuwa Zilpah, bila kuambiwa, akasimama katikati mikono imelegea, mpaka Aida alipotikisa kichwa kwamba basi, inatosha.

Kabla hawajaondoka Aida alimwambia habari mbili, zote akitazama magurudumu. Ya kwanza, kwamba karavani haitalala tena Hodge Hill. Bosi wa zamani wa Mwadini ana ghala Tyseley, itakaa huko, na funguo atashika Mwadini. Zilpah alisema sawa. Ya pili ilichukua muda kutoka.

"Mama anasema haendi Barmouth bila wewe," alisema. "Ni yeye anayesema. Mimi bado sijasema kitu."

Walikwenda wiki ya pili ya Agosti. Siku ya kwanza ilikuwa jua, Bi Shemsa akatia miguu baharini na kuitoa upesi, akaapa kwamba hayo si maji bali ni adhabu. Siku ya pili mvua ilianza asubuhi na haikukatika. Walikaa ndani wote wanne na magoti yao yakigusana, chai ikichemka, mvua ikitembea juu ya paa. Mwadini alisimulia hadithi za karakana. Bi Shemsa alisuka ukili wa mkeka. Aida alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha upande, na kila baada ya muda aliinua mkono wake mzima, akaweka kiganja juu ya dari karibu na kidirisha, akakiacha hapo kidogo, akakitazama.

Kilikuwa kikavu kila mara. Zilpah alimwangalia akifanya hivyo asubuhi nzima, na hakumwambia aache. Saa sita Aida aligeuka ubavu, akasukuma kikombe chake mezani.

"Nimiminie na mimi," alisema.

Zilpah akammiminia.